Luigi Broglio: Mhandisi aliyetundika mizani juu ya ikweta

Katika vituo vya kununulia kahawa vya Kyarumba, mizani ndiyo yenye neno la mwisho. Mkulima aliyeshuka mlimani anaweza kusema gunia lake lina kilo 80, na mnunuzi akashikilia kwamba halizidi 75. Likishatundikwa, ubishi unakwisha. Ni hivyo hivyo Bwera siku ya soko, na ni hivyo hivyo kwenye mpaka wa Mpondwe, ambako lori lililozidisha mzigo haliendi popote hata dereva akiwa na maneno mazuri kiasi gani.

Sayansi ya nyota nayo ilikuwa na ubishi wa namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu walipiga hesabu za nyota ndogo zilizoshindiliwa kuliko kitu chochote duniani, kila mmoja akiwa na namba yake, lakini vipimo vya kuwaamulia vilikuwa vichache mno. Njia mojawapo ya kuzipima nyota hizo ilifunguliwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Mtu aliyeifanya iwezekane alikuwa mhandisi wa Kiitalia, Luigi Broglio, ambaye jina lake linajulikana vizuri Malindi na Roma, lakini mara chache hutajwa huku magharibi mwa Uganda.

Hata hivyo kazi yake ilipita juu ya vichwa vya watu wa Kasese. Kuanzia Desemba 1970 hadi Machi 1973, satelaiti iliyorushwa kutoka kwenye jukwaa lake ilizunguka dunia juu ya mstari wa ikweta, ule ule unaokata barabara kuu ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Ilikuwa inamaliza mzunguko mmoja kwa takriban dakika 96. Ukiondoa mzunguko wa dunia yenyewe, ilipita katika anga la Rwenzori karibu mara 14 kila siku, kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 500. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: Uhuru.

Mtoto wa Mestre

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji ulio bara ukitazamana na Venice. Akiwa bado mdogo familia ilihamia Roma, na huko ndiko alikosomea. Mwaka 1934 alihitimu uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Roma. Baadaye akaingia jeshi la anga la Italia, upande wa wahandisi, na kuanza kushughulika na nguvu zinazokibana na kukipinda chombo kinaporuka kwa kasi.

Vita vya pili vya dunia viliiacha Italia ikiwa imeshindwa, imegawanyika na haina fedha. Mhandisi wa ndege katika nchi kama hiyo hakuwa na mengi ya kutengeneza. Broglio alirudi kwenye ualimu. Alifundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, na mwaka 1952 akachukua uongozi wa shule ya uhandisi wa anga ya Roma, akimrithi Gaetano Arturo Crocco, mzee aliyeheshimika sana katika fani hiyo. Alikuwa profesa, na wakati huo huo afisa wa jeshi aliyekuja kupanda hadi cheo cha jenerali. Kofia hizo mbili zilimsaidia maisha yake yote: chuoni alipata vijana wenye akili, jeshini alipata nidhamu, mafundi na uwanja wa kujaribia roketi katika kisiwa cha Sardinia.

Mwaka 1957 Wasovieti walirusha Sputnik, na Wamarekani wakafuata miezi michache baadaye. Broglio aliona kwamba nchi ndogo haiwezi kushindana nao kwa ukubwa wa roketi. Kilichobaki kilikuwa kutafuta jambo ambalo wakubwa hao wanalihitaji lakini hawana. Jambo hilo lilikuwa mahali.

Kwa nini ikweta

Dunia inajizungusha, na sehemu inayokimbia kuliko zote ni ikweta. Mtu aliyesimama Kikorongo au Nanyuki anasafirishwa kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa bila kuhisi chochote. Roketi inayoondokea hapo kuelekea mashariki inapata kasi hiyo bure, kama abiria anayeruka kutoka kwenye gari linalokwenda. Satelaiti inahitaji kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa ili isidondoke, kwa hiyo msukumo huo wa bure si wa kudharau.

Lakini kuna faida kubwa zaidi. Satelaiti inayorushwa kutoka mahali palipo mbali na ikweta hupita njia iliyoinama: inapanda kaskazini na kushuka kusini kila mzunguko. Kuinyoosha ili ifuate ikweta kunagharimu mafuta mengi, na roketi ndogo haiwezi. Kituo cha Wamarekani cha Wallops, katika jimbo la Virginia, kiko karibu nyuzi 38 kaskazini. Kwa roketi ndogo iliyorushwa kutoka hapo, njia ya ikweta ilikuwa kama barabara iliyofungwa.

Njia hiyo ilikuwa na thamani kwa wanaochunguza nyota, kwa sababu chini chini juu ya ikweta satelaiti inakwepa sehemu kubwa ya chembe za mionzi zilizonaswa kuizunguka dunia. Chembe hizo huvichanganya vipimo, kama kelele za soko zinavyomchanganya anayejaribu kuhesabu noti.

Mwaka 1961 Broglio aliipelekea serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani mpango alioupa jina la San Marco, mtakatifu wa mji wa Venice. Mpango ulikubaliwa. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilitia saini makubaliano ambayo mfanyabiashara yeyote atayaelewa: Wamarekani watoe roketi za aina ya Scout na kuwafundisha Waitalia kuzirusha, Waitalia waunde satelaiti, wapeleke mafundi wao, na wajenge mahali pa kurushia kwenye ikweta. Kila upande ulileta kile ambacho mwenzake hakuwa nacho.

Jukwaa baharini

Mahali palipochaguliwa ni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, katika ghuba ya Ungwana. Pako chini kidogo ya nyuzi 3 kusini ya ikweta, na mbele yake ni bahari tupu. Roketi ikiharibika njiani, inaangukia majini na si juu ya nyumba za watu.

Broglio hakujenga kituo nchi kavu. Alichukua majukwaa ya chuma yenye miguu inayoteremshwa hadi chini ya bahari. La kwanza, Santa Rita, lilikuwa la kuchimbia mafuta. La pili, lililoitwa San Marco, lilitoka kwa jeshi la Marekani na kufanyiwa marekebisho. Roketi ilisimamishwa kwenye San Marco, na mafundi waliiongoza wakiwa Santa Rita, mita mia kadhaa mbali, kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Nchi kavu kulikuwa na kambi na mitambo ya kupokea mawimbi.

Wapo waliodhani ni wazo la kichaa. Roketi inataka ardhi isiyotikisika, na hapa iliwekwa juu ya miguu ya chuma ndani ya chumvi, pamoja na upepo na mawimbi ya kusi. Kila kipande cha roketi kilitoka ng'ambo kwa meli au ndege, kikapokelewa pwani, kikavushwa kwa chombo kidogo hadi jukwaani. Skrubu moja ikikosekana, hakukuwa na duka la jirani.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 1964, roketi ndogo za majaribio zilirushwa kutoka Santa Rita. Jukwaa lilistahimili. Mwishoni mwa mwaka huo, tarehe 15 Desemba 1964, timu ya Broglio ilirusha satelaiti yake ya kwanza, San Marco 1, kutoka Wallops. Roketi ilikuwa ya Marekani, lakini satelaiti na mikono iliyoirusha ilikuwa ya Waitalia. Huo ulikuwa mtihani wao kabla ya kukabidhiwa kazi yenyewe Kenya.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 ikaondoka kutoka majini Ngomeni na kufika angani. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo satelaiti kurushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini.

Mizani ya hewa

Satelaiti hiyo ilibeba kifaa ambacho Broglio alikibuni mwenyewe na ambacho wahandisi wanakiita mizani ya Broglio. Ilikuwa kama mpira mwepesi wa nje uliozunguka kiini kizito cha ndani, viwili hivyo vikiunganishwa kwa mikono yenye kunepa. Hata kwenye kimo cha zaidi ya kilomita 200 kuna hewa, ingawa ni nyembamba mno. Hewa hiyo inapoligonga ganda la nje, ganda linasogea kidogo kuliko kiini, na ile tofauti ndogo inapimwa. Kutokana nayo hujulikana hewa ya huko ina uzito gani.

Jambo hilo si la mapambo. Hewa hiyo nyembamba ndiyo inayozipunguzia satelaiti kasi na kuzirudisha chini. Anayetaka kujua satelaiti yake itadumu miezi au miaka lazima aijue. Broglio aliendelea kuipima kwa satelaiti zilizofuata za jina hilo hilo, mwaka 1971, mwaka 1974 na mwaka 1988.

Kwa hiyo mtu huyu alianza kwa kupima kitu chepesi kabisa. Jukwaa lake lilikuja kutumiwa kupima kitu kizito kabisa.

Satelaiti yenye jina la Kiswahili

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mwitalia mwingine, Riccardo Giacconi, alikuwa akifanya kazi Marekani. Mwaka 1962 yeye na wenzake walikuwa wamerusha roketi ndogo na kugundua kwamba kuna nyota zinazotoa mionzi ya eksirei kwa wingi. Eksirei kutoka angani haifiki chini, hewa inaizuia yote, na hilo ni jema kwa afya ya watu na mifugo. Lakini roketi ndogo hukaa juu dakika chache tu. Giacconi alihitaji satelaiti ya kukaa huko miaka, na alihitaji njia tulivu. Njia hiyo ilikuwa ikweta, na mlango wake ulikuwa Ngomeni.

Hapo mambo yakageuka. Wamarekani waliowapa Waitalia roketi sasa walikuja kwao kama wateja. Satelaiti ndogo ya takriban kilo 140 ililetwa Kenya na kupandishwa juu ya Scout. Ilikuwa mara ya kwanza kwa satelaiti ya Marekani kurushwa na timu ya nchi nyingine. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, wakati ambapo wanawake wenye kazi kama hiyo walikuwa wa kuhesabu. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, na Townsend ndiye aliyependekeza iitwe Uhuru.

Ilikuwa inajizungusha polepole na kulifagia anga lote kipande kwa kipande. Kabla yake vyanzo vya eksirei vilivyojulikana vilikuwa vichache. Orodha yake ya mwisho iliyochapishwa mwaka 1978 ilikuwa na 339.

Kimoja kati ya hivyo, kiitwacho Cen X-3, kiliwaacha wataalamu midomo wazi. Kilikuwa kinapiga kama mshipa, pigo moja kila sekunde 4.8. Kisha kila baada ya siku 2.1 kilipotea na kurudi. Kingine, Her X-1, kilipiga kila sekunde 1.24 na kujificha kila siku 1.7. Maelezo yakapatikana: kila kimoja ni nyota ndogo sana inayozungukana na nyota kubwa. Gesi ya ile kubwa inamwagikia ile ndogo na kupata joto la mamilioni ya nyuzi, na ndiyo inayotoa eksirei. Nyota ndogo ikipita nyuma ya mwenzake, inafichwa.

Mzigo usio na kifani

Hizo ndogo ni nyota za nyutroni, na hapa ndipo penye fumbo.

Nyota ya kawaida hujizuia isibonyee kwa joto lake. Kuni zikiisha, uzito wake unaishukia. Mwaka 1930 kijana wa Kihindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, akiwa melini kutoka India kwenda kusoma Uingereza, alipiga hesabu zilizoonyesha kwamba mabaki ya nyota yana mwisho wa mzigo, kama lori. Hesabu hizo zilipokamilika, mwisho huo ulikuwa karibu mara 1.4 ya uzito wa Jua. Baada ya hapo elektroni haziwezi kuushikilia mzigo. Nyota kubwa ikifika huko, kiini chake kinaporomoka. Elektroni na protoni zinashindiliwa pamoja kuwa nyutroni.

Kinachobaki kina uzito unaozidi wa Jua, lakini upana wake ni kilomita 20 na kidogo tu. Bodaboda angeumaliza kabla chai haijapoa. Kipande chake chenye ukubwa wa sukari ya mche, sentimita moja kila upande, kina uzito wa zaidi ya tani milioni 200. Kukisafirisha kungehitaji malori ya tani 30 zaidi ya milioni 6. Foleni ya Mpondwe haijawahi kuona jambo kama hilo, wala haitaona.

Ubishi wa wataalamu ni huu: katikati ya nyota hiyo, ambako msongamano ni mkubwa zaidi mara kadhaa, kuna nini? Je, nyutroni zinabaki nyutroni? Tangu mwaka 1964 wanafizikia wamejua kuwa nyutroni yenyewe inaweza kuwa na vitu vidogo zaidi ndani yake, vinavyoitwa kwaki, vitatu vitatu. Zikibanwa mno, huenda kuta za nyutroni zikavunjika, na kwaki zikachanganyika kama maharage ya magunia matatu yaliyomwagwa sakafuni. Hakuna maabara duniani inayoweza kutengeneza kipande cha kitu hicho na kukiweka mezani.

Kinachofanyika ni kutengeneza modeli. Mtaalamu anakisia jinsi kitu hicho kinavyosukuma kinapobanwa, kisha anapiga hesabu: nyota iliyotengenezwa nacho inaweza kubeba uzito gani kabla haijaporomoka na kuwa shimo jeusi, na upana wake ni upi? Kitu laini kinabonyea upesi na kubeba kidogo. Kitu kigumu kinabeba zaidi. Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na George Volkoff walipiga hesabu ya aina hiyo na kupata mwisho wa mara 0.7 tu ya uzito wa Jua, kwa sababu hawakuingiza jinsi nyutroni zinavyosukumana zikikaribiana sana. Namba ilikuwa imeandikwa. Iliyokosekana ni mizani.

Uhuru ilileta mizani. Nyota mbili zinapozungukana, mapigo huja haraka kidogo nyota inapotukaribia na huchelewa kidogo inapotuacha, kama honi ya basi inavyobadilika mlio linapokupita. Kutokana na mabadiliko hayo hujulikana kasi ya nyota na ukubwa wa njia yake. Ukijua na mwendo wa nyota mwenzake unaoonekana kwa darubini, unaweza kukisia uzito wa zote mbili. Miaka ya 1970 ndipo nyota za nyutroni zilipoanza kupimwa. Mwaka 1974 wanaastronomia wa redio, Russell Hulse na Joseph Taylor, waligundua nyingine iliyokuja kupimwa kwa usahihi zaidi, na uzito ulikaribia mara 1.4 ya Jua. Ile 0.7 ya mwaka 1939 haikuweza kusimama.

Kazi hiyo ingali inaendelea. Mwaka 2010 ilitangazwa nyota ya nyutroni yenye uzito wa karibu mara 2 ya Jua, na modeli nyingi za kitu laini, zikiwemo baadhi zenye kwaki, zikatupwa siku hiyo. Hazikutupwa zote. Swali la kwaki halijafungwa, lakini sasa kila anayeleta modeli lazima aipitishe kwenye mizani.

Milango mingine

Baada ya Uhuru wateja waliendelea kuja Ngomeni. Mwaka 1972 ilirushwa SAS-2, iliyochunguza mionzi ya gama. Tarehe 15 Oktoba 1974 ikaja Ariel 5 ya Waingereza. Tarehe 7 Mei 1975 ikarushwa SAS-3, ambayo iligundua mapigo ya Vela X-1, nyota nyingine ya nyutroni iliyokuja kupimwa uzito, na ikafuatilia milipuko ya ghafla ya eksirei inayotokea katika nyota za namna hiyo. Milipuko hiyo inasaidia kukisia upana wa nyota, na ukishakuwa na uzito na upana pamoja, modeli zinabanwa pande mbili.

Kuanzia San Marco 2 hadi ya mwisho, satelaiti 9 zilifika angani kutoka kwenye majukwaa yale.

Broglio alikuwa akisimamia kazi hiyo kutoka Roma na kusafiri kuja pwani. Watu wa Ngomeni walipata ajira za ujenzi, ulinzi, vyombo vya majini na ufundi, na Malindi ikazoea Waitalia, kwa mazuri na kwa magumu yake. Lakini faida kubwa, yaani takwimu na elimu ya kuzisoma, ilikwenda Roma na Marekani. Afrika Mashariki ilitoa mahali na jina. Kwa muda mrefu haikutoa wataalamu wa kuzichambua nyota hizo, kwa sababu haikuandaliwa njia ya kuwapata.

Kituo kunyamaza

Tarehe 25 Machi 1988 satelaiti ya mwisho ya San Marco ilirushwa kutoka baharini Ngomeni. Broglio alikuwa na miaka 76. Mwaka huo huo Italia iliunda shirika la taifa la anga, na maamuzi yaliyokuwa mikononi mwa profesa mmoja na chuo chake yakahamia ofisi mpya. Roketi za Scout zilikuwa zinafikia mwisho wake, na wazo la kutengeneza Scout yenye nguvu zaidi kwa ajili ya Malindi halikufika mbali. Baadaye Italia iliongoza kutengeneza roketi nyingine, Vega, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2012. Haikuruka kutoka Kenya. Ilirukia Guyana ya Kifaransa, upande wa pili wa Atlantiki, ambako Ulaya ilikuwa imejenga kituo chake karibu na ikweta.

Broglio hakuliona hilo. Alifariki tarehe 14 Januari 2001 akiwa na miaka 89. Mwaka uliofuata Giacconi alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa kufungua uchunguzi wa anga kwa eksirei, na Uhuru ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Aliyejenga mlango ambao Uhuru ilipitia alikuwa kaburini, na tuzo ya aina hiyo haina fungu la wajenzi wa milango.

Kituo cha Ngomeni sasa kinabeba jina lake. Hakirushi tena, lakini mitambo ya nchi kavu inaendelea kupokea mawimbi ya satelaiti, na Kenya na Italia zimefanya upya makubaliano kuhusu matumizi yake na mafunzo kwa Wakenya.

Kilichokosekana zamani kimeanza kuonekana. Mwaka 2018 Kenya ilipata satelaiti yake ndogo ya kwanza, 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Roma, chuo kile kile alichosoma na kufundisha Broglio. Uganda ikafuata mwaka 2022 kwa PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na wahandisi vijana wa Uganda waliosomea Japani. Mwaka 2023 Kenya ikarusha Taifa-1. Hata hivyo zote tatu zilianza safari yao kutoka nchi za nje, huku majukwaa ya Ngomeni yakiwa kimya.

Ikweta yenyewe haijahama. Inaingia Kenya, inakata Ziwa Victoria, inapita Uganda hadi Kasese, kisha inavuka mpaka kuingia Kongo bila kuulizwa hati. Broglio aliuona mstari huo kama mali wakati wenye ardhi walikuwa ndiyo kwanza wanapandisha bendera zao. Mali hiyo bado ipo, na safari hii wahandisi wa Nairobi na Kampala wanaijua bei yake.